Herufi Mia na Arobaini

Chama cha Wafanyabiashara kimeniletea bamba la shaba
na bahasha. Ndani yake karatasi moja:
ABÍLIO CARRAPIÇO, 1921–2009.
MWASISI. MFADHILI. BABA WA VIZIBO VYA MKOA HUU.
Herufi zisizidi mia na arobaini, nafasi zikihesabiwa.
Yao yamekula sabini na sita.
Zilizobaki, wamesema, nipambe kwa maua.

Mwaka huu nimeshachonga sita kwa ukumbi wao mpya:
mwenye mashine za kukamua zeituni,
mwenye machimbo ya marumaru,
yule Leocádia wa soseji aliyeanza na nguruwe wawili
akafa na malori thelathini.
Ukiwasoma, wote walizaliwa na mkono wa kutoa.
Hakuna aliyewahi kuchelewesha mshahara.
Shaba haina kumbukumbu; ndiyo maana wanaipenda.

Lakini huyu wa saba ninamjua.
Mama yangu alimchambulia vizibo miaka thelathini na mmoja:
kizibo puani, kisha kapu la kulia au la kushoto,
akinusa kipi kingekuja kuharibu divai
ya mtu asiyemjua, mezani asikoalikwa.
Jumapili kanisani alisema hasikii harufu ya ubani.

Carrapiço alipita kati ya wanawake kila alfajiri, kofia mkononi.
Aliwajua watoto wetu kwa majina.
Aliniuliza habari za jino langu.
Siku nilipong'olewa jino hilo
alimkata mama ujira wa nusu siku.
Yote mawili ni kweli.
Nimetafuta neno moja la kuyabeba. Sijalipata,
na wananilipa kwa herufi.

Halafu ule mwaka wanawake walipofunga lango kwa mnyororo.
Wiki kumi na moja.
Kila asubuhi alikuja na gari, akaliegesha ng'ambo ya barabara,
akala mkate wake mle mle ndani, vioo juu.
Polisi hakuita. Senti hakutoa.
Wiki ya kumi na moja akashuka mkewe,
daftari kwapani, akaketi juu ya kreti iliyopinduliwa
akawasomea hesabu kwa sauti, mstari kwa mstari:
deni la benki, Mjerumani aliyekataa kulipa,
na chini kabisa, kwenye mali iliyouzwa,
bangili sita za dhahabu, za kwake mwenyewe.
Mama anasema hakuna aliyelia. Walimwomba arudie ukurasa wa nne.
Kesho yake mnyororo ukafunguliwa.

Chanda chema huvikwa pete, wanasema.
Hawasemi kitu juu ya vile tisa vingine.
HERMENGARDA: nimehesabu. Herufi kumi na moja.

Alipofika miaka sabini na mitatu, mzee alipanda mialoni
nyuma ya kiwanda, mia mbili na kitu.
Watu walicheka vilabuni.
Mwaloni wa vizibo haumenywi kabla ya miaka ishirini na mitano,
na gamba la kwanza halifai, la pili nalo vivyo hivyo,
la tatu ndilo kizibo. Piga hesabu mwenyewe.
Mwanawe ameuza kiwanda; pale kwenye tanuri sasa wanauza sabuni.
Mialoni ipo.
Juzi nimeiona: imemenywa mara ya kwanza, miekundu kama ngozi ya mtoto,
na kila shina limepakwa tarakimu nyeupe, 9,
ya mwaka wa kumenywa, ili mwingine ajue lini arudi.

Jana nimemaliza. Maua sikuchonga.
Nimempelekea mama bamba kabla ya kuwapa wenyewe.
Ana miaka themanini na minane, haoni vizuri.
Alipitisha kidole juu ya jina lile, polepole,
kisha juu ya jina la pili, ambalo halikuagizwa.
Akanyanyua shaba ile kwa mikono miwili
akainusa.
Akaiweka mezani, upande wa kushoto.

Sikumuuliza kapu la kushoto lilikuwa la vipi.